Kwa nini hadubini ya macho mawili haionyeshi kina

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua bado inanyesha kila jioni na wenye homa wamejaa mabenchi hadi nje, Sista wa zahanati moja ndogo upande wa Ahero aliponipigia simu. "Daktari, mashine imefika. Ni ya macho mawili kama ulivyotuambia. Lakini malaria hatuioni." Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Mimi ni mtu wa maabara, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma slaidi za damu hapa Kisumu.

Jumamosi nilipanda matatu nikaenda. Mezani palikuwa na kifaa kizuri, kipya, nailoni yake ingali imekunjwa kando. Macho mawili kilikuwa nayo kweli. Lakini chini yake hapakuwa na kile kichwa cha kuzungusha chenye lenzi nne, na nafasi kati ya lenzi na meza yake iliingia ngumi yangu nzima. Kwenye boksi paliandikwa: mara 20 na mara 40. Niliinama nikatazama. Slaidi ambayo Sista alikuwa ameitia rangi vizuri kabisa ilionekana doa la zambarau, basi. Nikaitoa, nikaweka mbu aliyekufa dirishani. Hapo nikaona miguu, mabawa, magamba madogo juu ya mishipa ya bawa, mbu mzima ameinuka kana kwamba ningeweza kumshika kwa vidole.

Ile ilikuwa hadubini ya sterio, dada yake ile wanayotumia mafundi wa simu mjini wakichomea vipande vidogo kwenye saketi. Ni chombo bora kwa mbu, kwa jani la mahindi, kwa simu iliyoingia maji. Kwa vimelea vya malaria haifai hata kidogo. Hesabu yake ni fupi. Kimelea kichanga cha malaria kali, kile chenye umbo la pete, kina upana wa kama mikromita 1.5. Ukikikuza mara 40 unapata milimita 0.06, unene wa unywele. Ukikikuza mara 1,000 unapata milimita 1.5, sawa na punje ya wimbi, na punje ya wimbi mtu anaweza kuitambua.

Muuzaji hakuwadanganya. Kwenye risiti aliandika hadubini ya bainokula, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia "chukueni ya macho mawili" nikaishia hapo. Tangu siku ile nimelifikiria sana jina hili, kwa sababu linawachanganya watu wengi, wakiwemo wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo wakiwa na cheti karibu mkononi.

Macho ya nani?

Bainokula ni neno la Kilatini lililoundwa kwa vipande viwili: bini, yaani wawili wawili au jozi, na oculus, jicho. Maikroskopu ni la Kigiriki: mikros ni dogo, skopein ni kutazama. Jina hilo la pili lilitungwa mwaka 1625 na Giovanni Faber, daktari aliyekuwa Roma, mwanachama wa chama cha wataalamu kilichoitwa Accademia dei Lincei. Galileo, aliyekuwa amekipelekea chama hicho kifaa chake mwaka mmoja kabla, alikiita occhialino tu, kijicho cha kioo. Kwa hiyo tunaposema maikroskopu ya bainokula tunachanganya Kilatini na Kigiriki kusema jambo moja la kawaida: kitazamio cha vitu vidogo, cha kutumiwa kwa jozi ya macho.

Macho hayo ni yako wewe unayetazama. Jina linahesabu matundu ya juu, pale unapoweka uso, na halina neno lolote kuhusu kinachoendelea ndani ya mashine wala chini yake. Ushahidi ni ile inayoitwa trinokula, ya macho matatu. Hakuna binadamu mwenye macho matatu. Tundu la tatu hufungwa kamera.

Kiswahili nacho kimeongeza fundo lake. Darubini tuliipata kutoka Kiajemi: dur ni mbali, bin ni shina la kuona. Kionacho mbali. Kwa Kiurdu hadubini ni khurdbin, kionacho kidogo, na neno letu hadubini linavuta mkia ule ule. Sasa angalia: "bini" ya hadubini ni kuona, na "bini" ya bainokula ni jozi. Zinafanana sura lakini hazina ukoo wowote. Na wala hazihusiani na "bin" ya binadamu, ambayo ni ya Kiarabu na maana yake ni mwana, au na kubini sahihi ya mtu. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akieleza kwa uhakika mkubwa kwamba hadubini imeitwa hivyo kwa kuwa ina macho mawili. Nilimwelewa alikotoka, lakini hadubini yenye tundu moja ni hadubini vilevile.

Tena kuna matumizi ya mtaani. Kenya ukisema "bainokula" bila kuongeza kitu, mtu anaona askari wa wanyamapori na kile kifaa cha kuning'iniza shingoni. Pale Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, waongoza watalii wanazo, za kutafutia ndege ndani ya mafunjo. Ile ni darubini mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu: kila jicho lina mrija wake tangu mwanzo hadi mwisho. Picha hiyo ndiyo watu wanayoibeba kichwani wanapoisikia hadubini ya bainokula. Wanadhani ndani yake mna hadubini mbili. Kwa mashine ya yule mbu wa Ahero, dhana hiyo ni sahihi. Kwa mashine ya kusomea malaria, sivyo.

Mashua inaporuka

Ukiwa Dunga tena, jaribu hivi. Inua kidole gumba mbele ya uso, mkono umenyooka, ukilenganishe na mashua iliyo mbali majini. Fumba jicho la kushoto, kisha fumbua na ufumbe la kulia. Mashua inaruka upande. Haijasogea, macho yako yametengana kwa zaidi kidogo ya sentimita 6, na kila moja linaitazama dunia kutoka mahali pake. Ubongo unazichukua picha hizo mbili zisizofanana na kutokana na tofauti yake unajua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili kwa ushahidi mwaka 1838, akiwa na kifaa alichokiunda cha kuonyesha kila jicho mchoro wake. Fundi cherehani wa soko la Kibuye analijua bila Wheatstone: afumbe jicho moja, uzi utazunguka tundu la sindano bila kuingia.

Siri yote ya kina, basi, ni tofauti kati ya picha mbili. Macho mawili yakipewa picha moja, kina hakipo.

Na ndivyo hadubini ya maabara ilivyo. Mwanga unatoka kwenye taa chini, unapita kwenye slaidi, unaingia lenzi moja tu, ile uliyoizungusha ikasimama juu ya damu. Unapanda kwenye mrija mmoja. Karibu na juu unakutana na prizimu yenye utando mwembamba unaoakisi nusu ya mwanga na kuiachia nusu nyingine ipite. Nusu inakwenda kulia, nusu kushoto. Ni kama kununua nakala mbili za gazeti moja la leo ukamwekea kila jicho yake: habari ni zile zile, hakuna jicho linalojua jambo ambalo jingine halijui. Fumba moja na picha haitapungukiwa na kitu chochote kilichomo.

Kwenye sterio, mwanga unaofika jicho la kulia ulikiacha kile kitu kwa pembe yake, na wa kushoto kwa pembe nyingine, tofauti ya digrii kumi na kitu. Njia mbili kutoka chini hadi juu, picha mbili, kina. Kuna sterio zenye lenzi moja kubwa chini, kwa hiyo usihesabu lenzi ukadhani umemaliza. Ndani ya lenzi hiyo kubwa njia bado ni mbili, moja inapita upande huu wa kioo na nyingine upande ule.

Namna jina lilivyobebeshwa kazi mbili

Waliotangulia walitaka kina. Mtawa Mkapuchini wa Ufaransa, Chérubin d'Orléans, aliunganisha hadubini mbili kwa ajili ya macho mawili katika miaka ya 1670. Lakini hadubini ya kawaida huipindua picha, juu huwa chini na kulia huwa kushoto, na zikipinduliwa zote mbili bila kubadilishana pande, ubongo hupokea kina kilichogeuzwa: bonde linaonekana kilima. Wazo likalala karibu miaka 200. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 John Leonard Riddell, profesa wa New Orleans nchini Marekani, aliugawa mwanga wa lenzi moja kwa prizimu ili ufike macho yote mawili. Mwaka 1860 Francis Wenham wa London akaleta prizimu ndogo iliyochukua mwanga wa nusu moja ya lenzi na kuupeleka mrija wa pili. Hiyo ilipendwa sana Uingereza, na kina ilitoa kweli, mradi ukuzaji uwe mdogo. Ukipanda juu, kuikata lenzi nusu kunaiharibu picha, kwa kuwa uwezo wa lenzi wa kutenganisha vitu vidogo unatokana na upana wake wote.

Hapo njia ikagawanyika. Katika miaka ya 1890 Mmarekani Horatio Greenough, mtaalamu wa wanyama, aliwaomba watu wa kampuni ya Zeiss kule Jena, Ujerumani, wamtengenezee hadubini mbili kamili zilizoinamiana, zenye prizimu za kuisimamisha picha. Sterio za leo nyingi bado zinafuata mchoro huo na zinaitwa kwa jina lake. Upande mwingine, mwaka 1913, kampuni ya Leitz ya Wetzlar ilitoa kichwa cha macho mawili kilichobuniwa na Felix Jentzsch, ambacho kiliacha kabisa kukata lenzi: kilichukua mwanga wote, kikaugawa sawasawa, kikatoa picha ile ile kwa macho yote. Kina kiliachwa kwa makusudi ili ukali wa picha ubaki. Hicho ndicho babu wa hadubini iliyoko mezani kwangu.

Mashine zote hizo mbili ziliitwa bainokula, na kwa maana ya neno zote zilistahili. Mkanganyiko wa Ahero ulianzia hapo.

Kama kina hakipo, macho mawili ya nini?

Ya kazi ya siku nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka usome angalau maduara 100 (duara ni eneo unaloliona kwa mara moja) ya tone nene, yaani tone la damu lisilotandazwa likawa jembamba, kwa lenzi ya mafuta, ile ya mara 100, kabla hujaandika kwamba hakuna vimelea. Duara moja kwa lenzi hiyo lina upana wa kama milimita 0.2. Slaidi 30 za watu wasio na malaria ni maduara 3,000, na katika kila moja unatafuta kitu cha ukubwa wa punje ya wimbi kilichofichwa kati ya uchafu wa rangi na chembe sahani za damu. Nilifundishwa kwenye hadubini ya tundu moja yenye kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani. Mwalimu wetu alitukataza kufumba jicho la pili: tuliache wazi, tulizoeze kutoona. Baada ya saa moja shingo na kipaji cha uso vilikuwa vinauma, na ninaamini kabisa kwamba kuna watoto walioandikiwa "hakuna vimelea" na macho yaliyochoka.

Daktari Mfaransa Laveran alikiona kimelea cha malaria Algeria mwaka 1880, Mjerumani Koch akaona bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, Ross akakuta malaria tumboni mwa mbu kule India mwaka 1897, wote kwa hadubini za mrija mmoja. Ugunduzi hauhitaji macho mawili. Foleni ya wagonjwa ndiyo inayoyahitaji. Tena macho mawili yakishirikiana huona tofauti hafifu za rangi vizuri zaidi kuliko moja, kama mara 1.4, na tofauti hafifu ya rangi ndiyo riziki ya msomaji wa slaidi.

Kina chenyewe tunakipata kwa kidole. Kwa lenzi ya mafuta, tabaka linaloonekana safi ni jembamba kuliko mikromita moja, na tone nene ni nene zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkono wa msomaji haukai tuli: gurudumu dogo linapelekwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, ule uzi wa buluu wenye kitone chekundu, ndio kimelea, unaingia na kutoka. Uchafu uliokaa juu ya tone utautambua kwa njia hiyo, kwa sababu unang'aa wakati vimelea vimepotea. Ukimwona mtu anasoma malaria na mkono wake uko mapajani, mwangalie vizuri.

Wale wa utafiti wa mbu wanazihitaji mashine zote mbili, na kwao tofauti inaonekana ndani ya dakika kumi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wana kituo kikubwa pale Kisian, na elimu ya mbu wa malaria imefanywa sana ukanda huu wa ziwa. Ukitaka kujua kwa macho kama mbu amebeba malaria, unamweka chini ya sterio ukiwa na sindano mbili, unamvuta kichwa polepole hadi tezi za mate zitoke. Hapo ni lazima uone kina, na picha isimame ilivyo, la sivyo unasogeza sindano kulia na kuiona ikienda kushoto. Kisha tezi hizo unaziweka kwenye slaidi, unazifunika kwa kioo chembamba, unahamia meza ya pili. Huko ndiko vimelea vinaonekana, vyembamba kama nyuzi. Kule ulikotoka sindano ilikuwa na nafasi ya sentimita kadhaa; hapa lenzi ya mafuta karibu inaigusa slaidi, na sindano haina pa kupita.

Kuyakutanisha macho

Muuzaji aliikubali mashine irudi. Safari hii niliandika oda mwenyewe: hadubini ya kusomea slaidi, kichwa cha macho mawili, lenzi za mara 4, 10, 40 na 100 ya mafuta, taa ya LED inayoweza kutumia betri stima ikipotea. Ilipofika nikarudi Ahero.

Sista alikaa, akainama, akasema anaona miezi miwili inayogombana. Hilo humpata karibu kila mtu mara ya kwanza, na wengi huishia kufumba jicho moja na kuitumia hivyo miaka yote. Nikamwambia ashike mirija yote miwili aifungue na kuifunga taratibu, kama mtu anayekunjua kitabu, hadi miezi ikutane. Yeye macho yake yamekaribiana. Aliyetangulia kukaa alikuwa kijana mwenye uso mpana. Miezi ikapandana, ikawa mmoja. Nikamwomba asome namba iliyo kati ya mirija, 58, aiandike kwenye kipande cha plasta abandike kwenye mguu wa hadubini, awe anarudi kwake kila zamu. Kisha jicho la kushoto alifumbe, la kulia alipatie picha kali kwa gurudumu dogo; halafu afumbe la kulia, na la kushoto alirekebishe kwa pete iliyo kwenye lenzi ya jicho bila kugusa gurudumu. Fumbua yote.

Alinyamaza kidogo, kidole chake kikaanza chenyewe kwenda mbele na nyuma kwenye gurudumu. Slaidi ilikuwa ya mtoto wa miaka minne aliyeletwa asubuhi hiyo. Tulihesabu pamoja, yeye akitaja, mimi nikibonyeza kihesabio: seli nyeupe 200, vimelea 60. Zidisha kwa 8,000, idadi inayokadiriwa ya seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu, gawanya kwa 200. Sista akaandika kwenye rejista, vimelea 2,400 kwa kila mikrolita, akafuta lenzi ya mafuta kwa karatasi yake laini, akaomba slaidi inayofuata.